Muhula Mmoja Bayreuth: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Programu ya Kubadilishana

Ukiomba nafasi ya kusoma muhula mmoja Ujerumani halafu ukapangiwa Bayreuth badala ya Berlin, usinung'unike. Bayreuth ni mji wa wakazi kama 75,000, kaskazini mwa jimbo la Bavaria, katika eneo liitwalo Franken. Watu wengi wanaujua kwa tamasha la opera za Richard Wagner lililoanza mwaka 1876. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu yetu ya kuujua: chuo kikuu chake, kilichofungua milango mwaka 1975, ni kituo kikubwa cha taaluma za Afrika. Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Zanzibar, alifundisha fasihi ya Kiswahili hapo kwa miaka mingi, na kila mwaka wataalamu wa lugha yetu hukutana hapo kwa kongamano lao. Kwa hiyo usishtuke Mjerumani akikusalimu maktabani kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chako.

Masomo si ndiyo yanayowatoa wageni jasho. Kinachowatesa ni mpangilio wa karatasi. Ujerumani karatasi moja huzaa nyingine: bila chumba huandikishwi manispaa, bila uandikisho huo benki inakusumbua, bila akaunti ya benki hela zako zinabaki zimefungwa. Ukizijua kwa mpangilio wake, kazi ya mwezi mzima unaimaliza kwa wiki. Hatua zifuatazo zimepangwa hivyo, na nyingi zinafaa hata kama umepangiwa mji mwingine wa chuo kama Marburg, Tübingen, Göttingen au Greifswald.

Hatua ya 1: Linganisha kalenda mbili kabla ya kusaini chochote

Muhula wa baridi huanza rasmi tarehe 1 Oktoba na kwisha 31 Machi. Wa kiangazi, 1 Aprili hadi 30 Septemba. Tarehe za mwongozo huu zinafuata muhula wa baridi. Lakini vipindi vyenyewe vya darasani huanza katikati ya Oktoba hadi mapema Februari, na katikati au mwishoni mwa Aprili hadi Julai. Chukua kalenda ya chuo chako, iweke kando ya hii, uone zinapogongana. Mara nyingi zitagongana: huko bado unasubiri mitihani, huku kwenu muhula mpya umeshaanza. Nenda kwa mkuu wa idara mapema, mkubaliane kwa maandishi namna utakavyofidia wiki ulizokosa. Ahadi ya mdomo aliyokupa mtu kwenye korido husahaulika akihamishwa ofisi.

Kisha andaa mkataba wa masomo, ule unaoitwa Learning Agreement. Una sahihi tatu: yako, ya chuo chako na ya chuo kinachokupokea. Mzigo kamili wa muhula ni krediti 30 za ECTS, mfumo wa vyuo vya Ulaya wa kuhesabu masomo, na Ujerumani krediti moja huhesabiwa kuwa saa 30 hivi za kazi, ukijumlisha darasani na kujisomea. Usijaze 30 kwa kujionyesha kama chuo chako kitakubali kuhamisha 20 tu. Uliza kwanza kozi zipi zitatambuliwa ukirudi, ndipo uchague.

Angalia pia lugha ya kila kozi. Kichwa cha somo kinaweza kuandikwa kwa Kiingereza na mhadhara ukatolewa kwa Kijerumani. Ukiwa na shaka, mwandikie mwalimu barua pepe fupi: jina, chuo, swali moja. Atajibu.

Hatua ya 2: Omba chumba siku ile ile unapopata barua ya kukubaliwa

Watu wengi hushughulikia viza kwanza, chumba baadaye. Geuza. Katika mji mdogo vyumba vya bei nafuu ni vichache na hugombewa Septemba na Oktoba, wanafunzi wapya wote wanapoingia kwa pamoja. Hosteli za wanafunzi zinaendeshwa na shirika liitwalo Studierendenwerk, na fomu yake ni tofauti na fomu ya chuo. Kukubaliwa na chuo hakukupi chumba, labda kama ofisi ya kimataifa imekuandikia waziwazi kwamba imekuwekea.

Ukikosa hosteli, tafuta WG, yaani nyumba ya kupanga inayokaliwa na watu kadhaa, kila mmoja na chumba chake, jiko na choo vya pamoja. Hapo ujue maneno mawili yatakayokuja kwenye kila tangazo. Kaltmiete ni kodi tupu ya chumba. Warmmiete ni kodi pamoja na joto, maji na takataka, na hiyo ndiyo ya kuangalia. Umeme na intaneti wakati mwingine havimo hata humo, kwa hiyo uliza.

Mwenye nyumba anaruhusiwa kudai amana isiyozidi Kaltmiete ya miezi mitatu, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa mafungu matatu. Anayekutaka utume hela kabla ya mkataba, kwa sababu eti "yuko nje ya nchi na funguo zitaletwa kwa posta", ni tapeli. Utapeli huu una sura moja Ulaya nzima: picha nzuri mno, kodi ndogo mno, haraka nyingi mno.

Hatua ya 3: Viza

Muhula unapita siku 90, kwa hiyo unahitaji viza ya kitaifa, aina ya D, unayoomba kwenye ubalozi wa Ujerumani kabla ya kusafiri. Ada ni euro 75. Miadi ndiyo inayochelewesha, hivyo anza mara tu barua ya kukubaliwa inapofika.

Ubalozi utataka kujua mambo mawili makubwa: utaishi kwa hela gani, na ukiugua nani atalipa. Kwa hela, kuna barua ya ufadhili au akaunti iliyofungwa, Sperrkonto, ambako unaweka kiasi chote na kuruhusiwa kuchota kiwango fulani kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango hicho ni euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka, na kwa muhula mmoja unazidisha kwa miezi utakayokaa. Kiwango hupandishwa mara kwa mara, basi kithibitishe kwenye ukurasa wa ubalozi wiki unayotuma maombi. Kama barua yako ya ufadhili inataja kiasi pungufu ya hapo, uliza mapema namna ya kuziba pengo. Na barua hiyo iseme mambo yote: kiasi cha kila mwezi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha. Barua isemayo "mwanafunzi huyu anafadhiliwa" bila tarakimu itakurudisha nyumbani.

Bima zipo mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya safari, inayokulinda tangu unapotua hadi unaposajiliwa chuoni. Ya pili ni bima ya afya ya umma, ambayo wanafunzi walio chini ya miaka 30 huingia kwa bei ya mwanafunzi, kama euro 140 hadi 150 kwa mwezi. Chuo hakikusajili bila ushahidi wa bima, na ushahidi huo kampuni ya bima huupeleka chuoni yenyewe kwa mtandao. Wewe unachofanya ni kuiomba iutume. Bima ya safari uliyonunua nyumbani, hata iwe ya gharama gani, kwa kawaida haitoshi kwa usajili.

Viza ikitoka, isome kibandiko hapo hapo dirishani. Tazama tarehe ya mwisho na idadi ya kuingia. Ikifika hadi mwisho wa muhula wako, umeepuka safari ya ofisi ya wageni. Ikiisha katikati, utalazimika kuomba kibali cha ukaazi ukiwa Bayreuth, na miadi yake uiombe wiki ya kwanza, si wiki viza inapokaribia kuisha.

Hatua ya 4: Fika siku ya kazi, asubuhi

Hili ni dogo na ndilo lililowalaza wengi hotelini. Funguo za hosteli hutolewa na msimamizi wa jengo, Hausmeister, ambaye ana saa zake za ofisi, nazo ni chache. Ijumaa mchana amekwisha kuondoka, na harudi mpaka Jumatatu. Tiketi ya ndege ya bei poa inayokufikisha Ujerumani Ijumaa jioni itakugharimu usiku tatu za hoteli katika mji usio na hoteli nyingi za bei poa. Tafuta ndege itakayokuwezesha kuwa mjini kati ya Jumatatu na Alhamisi kabla ya adhuhuri, na mwandikie msimamizi saa utakayofika.

Bayreuth haina uwanja wa ndege wa abiria wa kukufaa. Utatua Frankfurt au Munich, upande treni hadi Nuremberg, halafu treni ya mkoa kama saa moja hivi kwenda kaskazini. Kuwa macho kwenye hiyo ya mwisho: treni nyingine za njia hii hukatwa njiani, mabehewa ya mbele yakaenda mji mmoja na ya nyuma mwingine. Mlangoni pa behewa pana ubao wa maandishi ya taa unaoonyesha mwisho wa behewa hilo. Usome kabla hujapakia masanduku, maana kukimbia na kilo 46 kituoni ndani ya dakika mbili si mchezo.

Tembea na hela za mwezi wa kwanza mkononi au kwenye kadi inayofanya kazi Ulaya: kodi, fungu la kwanza la amana, ada ndogo ya muhula, bima na chakula. Sperrkonto haifunguki siku unayotua.

Hatua ya 5: Wiki ya kwanza, kwa mpangilio huu

Siku unayopokea funguo, kabla hata ya kufungua sanduku, andika jina lako kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlango. Ujerumani bado inaishi kwa barua za posta. Kadi ya benki, namba ya siri (kwenye bahasha nyingine, siku nyingine), kadi ya bima, namba ya mlipa kodi, vyote huja kwa posta, na mpeleka barua asipoliona jina lako pale haji nazo tena kesho, anazirudisha zilikotoka. Kama unaishi WG, jina lako lisimame kando ya majina ya wenzako, limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye pasipoti. Karatasi na selotepu vinatosha.

Siku hiyo hiyo piga picha kila ufa, doa na mkwaruzo wa chumba, na utume picha hizo kwa barua pepe kwa mwenye nyumba ili tarehe ibaki. Amana yako itategemea picha hizo miezi mitano baadaye.

Siku ya pili, nenda manispaa ukajiandikishe. Hii ndiyo Anmeldung, na sheria inakupa wiki mbili tangu kuhamia. Chukua pasipoti, fomu na ile karatasi ambayo mwenye nyumba au hosteli lazima asaini kuthibitisha kwamba umehamia, Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa kupanga hautoshi badala yake. Kwenye fomu kuna kisanduku cha dini. Anayejiandikisha kuwa Mkatoliki au Mprotestanti huingia kwenye orodha ya kodi ya kanisa, ambayo katika Bavaria ni asilimia 8 ya kodi yako ya mapato. Mwanafunzi asiye na mshahara hatozwi kitu, lakini ni vizuri ujue ulichotia tiki kabla hujatafuta kibarua.

Ukitoka hapo na cheti cha uandikisho, nenda benki ufungue akaunti, kisha uwape namba yake watu wa Sperrkonto ili malipo ya kila mwezi yaanze. Halafu bima. Halafu usajili wa chuo. Usiruke. Mtu akienda chuoni kwanza anaambiwa "bima", akienda bima anaulizwa akaunti, akienda benki anaulizwa uandikisho, na siku imekwisha yuko pale pale manispaa, imefungwa.

Uzuri wa mji mdogo unauona hapa. Unaweza kwenda kwa miguu kutoka manispaa hadi benki, na chuo, ambacho karibu chote kiko kwenye kampasi moja, kiko kilomita kama mbili kusini mwa katikati ya mji. Mwenzako wa Berlin anasubiri miadi ya uandikisho. Wewe umeshamaliza na unakunywa kahawa.

Wiki chache baadaye utapokea barua ya ada ya redio na televisheni, Rundfunkbeitrag, euro 18.36 kwa mwezi. Si utapeli na haijali kama una televisheni. Hulipwa kwa nyumba, si kwa kichwa, kwa hiyo kwenye WG mmoja analipa na wengine wanachanga. Ijibu. Ukiinyamazia, deni linakua kimya kimya.

Hatua ya 6: Darasani

Ratiba ikisema kipindi ni saa nne na pembeni pana herufi c.t., mwalimu anaanza saa nne na robo. Ikiwa s.t., saa nne kamili, na hapo robo saa ya kuchelewa ni aibu. Mhadhara ukiisha wanafunzi hugonga meza kwa vifundo vya vidole. Ndiyo makofi yao. Gonga na wewe.

Tofauti kubwa iko kwenye semina. Wengi wetu tumelelewa kumheshimu mwalimu kwa kunyamaza na kuandika. Kwenye semina ya Kijerumani ukimya husomwa kama hujasoma. Unatarajiwa kuuliza, kupinga, hata kumwambia profesa kwamba makala aliyowapa ina shimo, mradi una sababu. Adabu inabaki kwenye namna ya kuita: Herr au Frau na jina la ukoo, na kiwakilishi cha heshima Sie mpaka yeye mwenyewe aseme vinginevyo. Tukiwa tumezoea shikamoo, hilo halitusumbui.

Alama zimegeuzwa: 1.0 ndiyo juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, 5.0 umeanguka. Waeleze nyumbani mapema, mzazi asije akasherehekea 4.0.

Mambo mawili huwaangusha wanafunzi wa kubadilishana hata kama wana akili. La kwanza ni usajili wa mitihani. Kujiandikisha kwenye kozi si kujiandikisha kwenye mtihani. Ni hatua nyingine, kwenye mfumo wa chuo, yenye tarehe yake ya mwisho katikati ya muhula. Ikipita, imepita. La pili ni insha ya mwisho ya semina, Hausarbeit. Wenyeji huiandika kipindi cha likizo, Februari na Machi, wakati wewe umeshapanda ndege na maktaba yenye vitabu vyako imebaki Bayreuth. Mwezi Novemba mfuate mwalimu kwenye saa zake za kuonana na wanafunzi, mwambie tarehe yako ya kuondoka, mkubaliane mada na tarehe. Akishakubali mada, anza kukusanya vyanzo hapo hapo. Ukiiandika Desemba, Januari utalala.

Hatua ya 7: Kula, kununua, kutembea

Chakula cha mchana kula Mensa, kantini ya chuo. Kwa kadi ya mwanafunzi sahani ni euro chache, na hakuna mahali pengine utashiba kwa hela hiyo. Manunuzi ya nyumbani fanya kwenye maduka ya bei ya chini kama Aldi, Lidl au Norma. Katika Bavaria maduka ya kawaida hufungwa saa mbili usiku, na Jumapili hayafunguliwi kabisa. Sikukuu vile vile: 3 Oktoba, 1 Novemba, 25 na 26 Desemba, na 6 Januari ambayo majimbo mengi mengine hawana. Sikukuu ikiangukia Jumamosi au Jumatatu, una siku mbili mfululizo bila duka. Nunua mapema, la sivyo utakula biskuti za stesheni.

Unga wa sembe ule mweupe utausaka kwenye maduka ya vyakula vya Afrika na Asia, na kwa uhakika zaidi ni Nuremberg. Polenta ya madukani inasongeka, ingawa ni ya njano na ina ladha yake. Mtu mwenye njaa hatabishana.

Chupa za plastiki na makopo ya vinywaji usitupe. Nyingi umezilipia amana ya senti 25 kila moja, na kila duka kubwa lina mashine inayozimeza na kukutolea karatasi ya kupunguzia hesabu yako ya dukani. Beba noti kidogo mfukoni pia: mkate, kebabu na kinyozi mara nyingi ni taslimu tu.

Ndani ya mji, nunua baiskeli iliyotumika Oktoba uiuze Februari. Iwe na taa mbele na nyuma, kwani polisi hukamata. Mabasi yapo ila usiku na Jumapili ni machache, basi tazama la mwisho kabla hujatoka. Kwa safari za mbali kuna Deutschlandticket, tiketi ya mwezi inayokupandisha mabasi na treni za mikoa nchi nzima, isipokuwa treni za mwendokasi. Tangu Januari 2026 ni euro 63, na Bavaria ina bei ya chini kwa wanafunzi, uliza chuoni. Ni usajili unaojirudia kila mwezi: ukitaka kuusimamisha, fanya hivyo kufikia tarehe 10 ya mwezi huo.

Viza ya D inakuruhusu pia kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya siku 180. Prague iko jirani. Uingereza na Ireland hazimo.

Kibarua? Sheria tangu Machi 2024 inaruhusu siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka. Lakini kwa muhula mmoja, katika mji mdogo, bila Kijerumani, usiweke kibarua kwenye bajeti. Kikitokea ni bahati.

Hatua ya 8: Giza la Novemba

Wageni huogopa baridi. Baridi inatibika kwa koti, na koti zuri linanunuliwa huko huko kwenye maduka ya nguo zilizotumika. Kinachochosha ni giza. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja, na ghafla jua linazama mapema; Desemba ni saa kumi na robo hivi alasiri. Tofauti ya saa na Afrika Mashariki nayo inatoka saa moja hadi mbili, kwa hiyo mama anayesubiri simu saa tatu usiku umwambie. Kwa Waislamu, nyakati za sala husogea sana ndani ya wiki chache: magharibi inaweza kukukuta katikati ya kipindi cha alasiri. Jipange na ratiba mpya ya mwezi, usitegemee ya Oktoba.

Na chumba chako kitakuwa kimefungwa kwa ajili ya joto, huku unapika na kuanika nguo ndani. Fungua dirisha lote dakika tano asubuhi na tano jioni, hata kukiwa na theluji, kisha funga. Bila hivyo ukungu mweusi utaota pembeni mwa dirisha na amana itaenda nao.

Upweke katika mji mdogo una tiba moja ninayoiamini: nenda mahali pale pale, siku ile ile, kila wiki. Wajerumani wa Franken hawachangamki haraka. Mara ya kwanza watakuitikia kwa kichwa, ya pili watauliza jina, ya nne wanakualika nyumbani, na wakikualika wanamaanisha tarehe na saa. Berlin ungebadilisha sura kila siku. Hapa sura zinajirudia, na hiyo ndiyo faida yako. Michezo ya chuo ina kila kitu kuanzia mpira hadi kupanda kuta, kwa ada ndogo. Kwaya hupokea wageni. Iwalewahaus, nyumba ya sanaa za Afrika iliyoanzishwa mwaka 1981, ina maonyesho na mijadala. Na tafuta wanafunzi wanaojifunza Kiswahili: wao wanataka kuzungumza, wewe unataka Kijerumani, saa moja kwa wiki mgawane nusu kwa nusu. Utakuwa mgeni wa pekee mwenye kitu ambacho wenyeji wanakitafuta.

Jumuiya za wanafunzi za Kikatoliki na Kiinjili, KHG na ESG, hupokea watu wa dini zote. Wana chakula cha pamoja, watu wa kusikiliza, na mara nyingine mfuko wa kumsaidia mwanafunzi wa kigeni aliyekwama kihela. Ukikwama, nenda kabla hujaanza kuruka milo.

Namba za kukariri: 112 kwa gari la wagonjwa na zimamoto, 110 polisi, na 116117 kwa daktari nje ya saa za kazi kwa jambo lisilo la kufa na kupona. Ukiingia chumba cha kusubiri kwa daktari, salimia wote kwa pamoja. Huko wanasema Grüß Gott. Mji mkubwa wangekushangaa, hapa wote wataitikia.

Hatua ya 9: Kuondoka

Kuondoka kunaanza miezi mitatu kabla, kwa sababu mikataba mingi ya chumba inataka notisi ya miezi mitatu. Soma wako mwezi wa kwanza. Laini ya simu chukua ya kulipia kabla, usisaini mkataba wa miaka miwili kwa sababu ya simu ya bure.

Safisha chumba mpaka ndani ya oveni, fanya makabidhiano na msimamizi kwa maandishi, nyote msaini. Futa uandikisho wako manispaa, unaweza kufanya hivyo kuanzia wiki moja kabla ya kuhama hadi wiki mbili baada. Karatasi ya kufuta uandikisho ndiyo itakayokomesha bima, ada ya redio na madai mengine, kwa hiyo itume kwao wote na ubaki na nakala. Akaunti ya benki usiifunge bado. Amana ya chumba hurudi baada ya wiki au miezi, nayo inahitaji mahali pa kuingia. Toa maelekezo kwamba ikishaingia ihamishwe nyumbani, ndipo uifunge kwa mtandao.

La mwisho ni cheti cha matokeo, Transcript of Records. Alama za Februari hazitakuwa tayari unapopanda ndege, na za insha zitachelewa zaidi. Kabla hujaondoka pita ofisi ya kimataifa, uulize ni nani hasa anayekitoa, atakituma kwa nani chuoni kwako, na kwa barua pepe ipi. Wape barua pepe yako binafsi pia, maana ya chuo itakufa muhula ukiisha. Kufika Aprili kama hujakiona, waandikie.